Loki ya difu: jiulize kwanza huwa unakwama vipi

Shemeji yangu anayeishi Nachingwea alinitumia picha za Hilux mbili zilizokuwa zinauzwa. Mwaka mmoja, injini moja, tofauti ni rangi na kitufe kimoja kwenye dashibodi: loki ya difu ya nyuma, ile inayoyafunga matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Yenye kitufe ilikuwa na bei ya juu. Chini ya picha akaandika, "Shem, wewe ndo umewahi kuwa nayo na kutokuwa nayo. Niongeze hela nichukue hii, au nitakuwa natupa pesa?"

Nilimrudishia swali. Tangu aanze kumiliki gari amekwama mara ngapi, na kila mara matairi yalikuwa yamekaaje? Akanipigia, tukaongea karibu saa nzima. Naandika hapa niliyomwambia kwa sababu wenye hali kama yake ni wengi huku kusini. Siku nyingi mtu anatembea kwenye lami, halafu mara chache kwa mwaka anaingia shambani, ufukweni, au kijijini kwenye msiba wakati wa mvua. Hata mimi ndivyo nilivyo. Nakaa Mtwara mjini, mikorosho yetu iko Newala, na upande wa wakwe kuna shamba la mpunga bondeni, chini kabisa kuelekea mto Ruvuma.

Kwanza difu yenyewe, yale magia yaliyo katikati ya ekseli, kati ya tairi la kushoto na la kulia, maana ukiielewa nusu ya jibu umeshaipata. Gari likikata kona, tairi la nje linapita njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo lazima liruhusiwe kuzunguka haraka zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya difu. Kwenye lami inafanya kazi hiyo vizuri hata husikii kitu. Shida yake ni kwamba inayapa matairi mawili msukumo ulio sawa, na kiwango cha msukumo huo kinaamuliwa na tairi lenye mshiko mdogo. Watu wanapoona tairi moja linazunguka bure husema nguvu yote imekimbilia huko. Ukweli ni kwamba tairi lililo hewani halihitaji nguvu yoyote ya maana kulizungusha, na mwenzake aliyekanyaga ardhi ngumu anapewa kiasi hichohicho kidogo. Ndiyo maana anakaa kimya.

Sasa weka hali hiyo kwenye difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Gari la foo-wili likipita kwenye makorongo yanayokata njia kimshazari, tairi la mbele la kushoto linaning'inia na la nyuma la kulia linaning'inia. Umeshaingiza foo-wili, injini inanguruma, matairi mawili yanazunguka hewani, na mawili yaliyoshika ardhi hayasogei. Loki inachofanya ni kuziunganisha shafti mbili za difu ziwe kama fimbo moja. Tairi moja likizunguka na la pili lazima lizunguke, awe na mshiko asiwe nao.

Hali hiyo niliijua vizuri kwenye njia ya bondeni. Aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu, Newala, akatazama chini, anajua jinsi uwanda wa Makonde unavyokatika ghafla. Njia tunayoshukia sisi ni ya watu wa mashamba. Mvua ikishapita inabaki na mifereji ya kina cha goti, leo iko hapa, mwakani imehamia pale. Hilux yangu ya kwanza haikuwa na loki. Kushuka tulikuwa tunashuka, taabu ilikuwa kupanda na magunia ya mpunga nyuma. Kuna kona moja yenye mawe ambayo kila mwaka ilinisimamisha mahali palepale: tairi la nyuma la kulia juu, vumbi linatoka, gari halisogei hata shubiri. Tulikuwa tunashusha magunia, tunajaza mawe kwenye mfereji, tunapakia upya. Siku moja tuliifanya kazi hiyo kuanzia saa nane mchana hadi kigiza kinaingia.

Miaka miwili baadaye nilipata Prado yenye loki ya nyuma. Kwenye kona ileile nilisimama kabla ya mfereji, nikaweka L4 (foo-wili ya gia nzito), nikabonyeza kitufe, nikasubiri taa iache kuwaka na kuzima. Nikapanda polepole, mguu umegusa tu mafuta. Tairi likanyanyuka kama kawaida yake, gari likaendelea kupanda. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele. Alikuwa tayari ameshika mpini wa mlango ashuke akatafute mawe, akaniangalia akaniuliza, "Tumepita?"

Kwa hiyo mtu akiniambia loki ni mapambo, simkubalii. Kwenye mfereji na kwenye miamba, pale tairi linaponyanyuka, hakuna kitu kingine cha bei ile kinachofanya kazi ile.

Lakini sasa njoo Msimbati. Kutoka Mtwara unapita Madimba penye mitambo ya gesi, na kadiri unavyokaribia bahari mchanga unazidi kuwa mwingi na laini. Pwani yenyewe watu huendesha gari juu yake. Nilikwama huko na Hilux isiyo na loki, na nikakwama tena na Prado yenye loki, kwa kosa lilelile: matairi yenye upepo wa lami. Mchanga unayavuta matairi yote manne kwa pamoja. Hakuna lililo hewani, yote yanazama. Ukifunga difu hapo unapata matairi mawili ya nyuma yanayochimba kwa nguvu sawa, na gari linakalia tumbo haraka zaidi. Mara ya pili ile nilibonyeza kitufe kwa kujiamini kabisa, nikakanyaga mafuta, na ndani ya muda mfupi ekseli ilikuwa imegusa mchanga.

Aliyenitoa ni mvuvi mmoja mtu mzima. Hakuwa na trekta wala kamba. Aliniambia nitoe upepo. Nikashusha kutoka PSI 34 hadi kama 18 hivi, tukachimba mbele ya kila tairi kwa sepetu, tukaweka makuti, nikatoka kwa gia ya pili bila loki. Tairi lililopunguzwa upepo linatandaza unyayo wake, uzito unagawanyika, linapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Tangu siku hiyo natembea na geji ya upepo na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, kwa sababu ukirudi kwenye lami na upepo ule mdogo na mwendo wa kawaida, tairi linapata joto na linaweza kupasuka. Geji na kompresa kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya loki. Mtu ambaye safari zake za porini ni pwani ya Msimbati mara mbili kwa mwaka anunue hivyo viwili, aache habari za loki.

Tope ni habari ya tatu, na ndiyo inayowadanganya wengi. Mwezi wa tatu, mvua imekolea, nilitoka Nachingwea kwenda Liwale kwa shughuli ya kifamilia. Udongo mweusi wa mbugani unajua kujaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama mtungi. Nilikuwa natembea pembeni mwa barabara kwa sababu katikati palikuwa pamechimbwa na malori, na upande ule barabara ililala kuelekea mtaroni. Gari likaanza kupunguza mwendo, nikaweka loki. Papo hapo makalio ya gari yakaserereka kushoto, taratibu, bila kelele, mpaka mtaroni. Usukani ulikuwa mkononi mwangu na haukunisaidia kitu.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Bila loki, tairi moja linapozunguka bure lile la pili mara nyingi linabaki limetulia, na kwa kutulia kwake linazuia nyuma ya gari isiteleze kwenda pembeni. Ukifunga difu yanazunguka yote mawili, yanapoteza mshiko yote mawili, na gari linafuata mteremko unakoelekea. Kwenye tope la barabara iliyolala upande, loki ni hatari. Itumie ukiwa umenyooka, na njia iko sawa kulia na kushoto. Kilichokuwa kinanifaa siku ile ni matairi yenye meno makubwa. Yale ya kwangu yalikuwa ya lami, tena yameanza kwisha.

Na kuna siku loki, matairi na kompresa vyote havina kazi. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara kuu pale Somanga, Mei 2024, magari yenye kila kitu yalisubiri pamoja na mabasi. Kugeuza gari au kulala mji uliopo ni uamuzi mzuri, nao hauuzwi dukani.

Kuna jambo linalonikera kwenye matangazo ya kuuza magari, na nilimsisitizia shemeji. Muuzaji anaandika "ina difuloki", kumbe anamaanisha loki ya katikati. Gari linaloendesha matairi yote manne muda wote, kama Prado nyingi au Defender, lina difu ya tatu katikati inayogawa kati ya mbele na nyuma, na hiyo ina loki yake. Ni kitu kizuri, ila haigusi tatizo la tairi moja la nyuma kuning'inia. Ukiifunga, umehakikisha tu kwamba ekseli zote mbili zinapata mzunguko. Kila ekseli bado inaweza kubaki na tairi moja linalozunguka bure. Angalia alama kwenye kitufe. Kwenye mchoro wa gari, alama ya X ikiwa katikati ya ekseli ya nyuma, hiyo ndiyo loki ya nyuma. Kwenye Land Cruiser zenye loki mbili utaona swichi ya kuzungusha yenye herufi RR (nyuma) na FR (mbele).

Kitufe nacho kinaweza kuwa mfu, kwa hiyo usilipie kabla ya kupima. Zuia matairi ya mbele, nyanyua nyuma yote kwa jeki na uweke stendi imara. Tairi moja lizungushe kwa mkono, gari likiwa kwenye gia na injini imezimwa. Difu ikiwa wazi, tairi la upande wa pili litazunguka kinyume. Rudia loki ikiwa imeingia: tairi linagoma kuzunguka. Likiendelea kuzunguka na lenzake kwenda kinyume, loki haijashika, hata kama taa ya dashibodi inawaka.

Huku kwetu upimaji huo una maana kubwa zaidi kwa sababu ya bahari. Kimota cha umeme kinachosukuma loki kimekaa kwenye difu, chini kabisa, kinakula maji, tope na chumvi. Kisipotumika kinaganda. Ya kwangu iliganda baada ya kukaa karibu mwaka mzima bila kuguswa, na nikaja kujua siku niliyoihitaji. Fundi alikifungua, ndani kulikuwa na kutu nyekundu tupu. Sasa kila mwezi natafuta sehemu ya mchanga au changarawe, naingiza loki, natembea mita chache kwa kunyooka, natoa. Usifanye hivyo kwenye lami. Ukikata kona difu ikiwa imefungwa, tairi linalazimishwa kuburuzwa, shafti zinasokotwa, na usukani unakuwa mzito kwa namna inayotisha.

Kufunga loki kwenye gari lisilokuwa nayo ni hesabu nyingine. Zipo za upepo, ARB ya Australia ndiyo inayojulikana zaidi, nazo zinataka kompresa yake, mipira yake na difu kufunguliwa yote. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni, gia mbili kuu za ndani ya difu, inapimwa kwa vipande vya milimita. Rafiki yangu alifungiwa na mtu aliyekisia kwa macho, difu ikaanza kulia ndani ya wiki mbili, na mwisho akanunua difu nzima ya mtumba. Kwa mtu anayeingia porini mara nne kwa mwaka, simshauri. Fedha hiyo ingemnunulia matairi manne mazuri, na matairi anayatumia kila siku, hata akienda sokoni. Magari ya miaka ya karibuni, tena, yana mfumo wa kushika breki kwenye tairi linalozunguka bure ili mwenzake apate nguvu. Kwa mifereji ya kawaida unatosha, ingawa breki zinapata joto ukiutumia muda mrefu kwenye mlima.

Basi tukarudi kwenye hesabu ya shemeji. Alikumbuka mara tano alizokwama. Nne zilikuwa tope, tatu kati ya hizo akiwa na matairi yenye kipara. Moja ilikuwa mchanga. Tairi kuning'inia, hata mara moja. Shamba lake liko tambarare na njia yake haina mawe. Nikamwambia, shem, bei zingekuwa zinakaribiana ningekuambia chukua yenye loki bila kufikiri, maana iliyotoka nayo kiwandani haikusumbui ukiitunza. Kwa tofauti ile anayotaka huyo muuzaji, chukua isiyo nayo.

Akaichukua. Tofauti ya bei ilinunua matairi manne yenye meno, kompresa, sepetu na kamba nene ya kuvutia, na ikabaki ya mafuta. Mimi Jumamosi nashuka bondeni, mpunga unakaribia kuvunwa, na leo jioni nitaipeleka Prado kwenye mchanga nione kama taa inatulia.