Mke hataki kurudi kijijini, kaharibiwa na Marekani?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Houston nasafisha vyumba hotelini, napiga kazi na mama mmoja wa Meksiko katokea Michoacán, tumeshazoeana sana. Mumewe kila mwezi anatuma hela ya kujenga nyumba kijijini kwao wakazeekee huko, mama hataki hata kusikia, hela yake yeye ni friji, makochi, na ada ya watoto. Mume anasema Marekani imemharibu mke. Na huyo huyo mume ndo anapika na kufua! Nieleweshe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajaharibika, na neno hilo linaniuma manake hata huku mwanamke akianza kushika hela yake ndo la kwanza kuambiwa.

Anzia kijijini. Sehemu nyingi za Meksiko binti akiolewa anahamia kwa wakwe, anapika na kukanda unga wa mahindi wa tortilla, zile chapati zao, chini ya macho ya mama mkwe. Kuanzia 1942 hadi 1964 Marekani ilichukua vibarua wa mashambani kwa mkataba, mpango wa Bracero, ikachukua wanaume tu, wake wakabaki, na hela ikitumwa mara nyingi inapitia kwa mama mkwe, mke anaomba hata ya sabuni. Lakini ni yeye huyo huyo anayesimamia shamba na kuitwa shuleni na mwalimu! Huko Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, kuna kazi ya kijiji inaitwa tequio, kila kaya itoe mtu, basi mume akiwa California kuna vijiji mke ndo anashika sururu anaenda kuchimba mtaro na wanaume.

Kuhusu mume kupika, wanaume wengi waliotangulia waliishi geto moja wenyewe kwa wenyewe, hakuna mama hakuna dada, utakula nini? Wakajifunza. Alafu sheria ya Marekani ya 1986 ikawapa makaratasi ya kuishi kihalali watu kama milioni 2.7, wengi Wameksiko, wake na watoto wakazidi kufuata.

Sasa mwanangu angalia kila mmoja anarudi kwenye nini. Mume akirudi ni mtu mzito, anachangia sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, anasalimiwa njia nzima, wakati Houston ni kibarua tu. Mke akirudi anarudi jikoni kwa mama mkwe, akivaa viatu tu anaulizwa unaenda wapi. Hapo Houston ana mshahara wake, na hilo friji analonunua ndo nguzo anayochimbia hapo ili asing'olewe kurudishwa.

Sikwambii kwamba ana raha. Akimaliza vyumba vya wageni, watoto bado wanamsubiri, na wenzake wasio na makaratasi wakipigwa na waume wanaogopa hata kuita polisi, hao ndo wananinyima usingizi.

Wewe usiwe wa kulirudia hilo neno la kuharibika. Siku mkikaa kula chakula cha mchana muulize taratibu, ile nyumba ya Michoacán hati yake imeandikwa jina la nani?