Jibu: Natamani mbinguni hadi kazi imenishinda

Bwana asifiwe dada. Unauliza kama ni dhambi kwamba tangu mmzike mama unatamani mbinguni mpaka kibanda chako cha mitumba sokoni Gikomba hukioni tena maana yake.

Kwanza jichunguze hapa: unatamani kuwa na Kristo, au unatamani tu kuondoka? Mimi nilichanganya hayo mawili mwaka mzima. Kuamka saa kumi alfajiri, matatu kutoka Kayole, msongamano Jogoo Road, kodi ya nyumba. Nikiimba nyimbo za mbinguni machozi yananitoka, kumbe nimechoka tu, na kifo cha baba sijakililia. Kama mawazo yamefika kwenye kujidhuru, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali.

Kama ni hamu yenyewe, si dhambi. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba angependa aende akae na Kristo, ila wao walimhitaji bado. Soma sura ya 1, mstari wa 21 hadi 26, polepole.

Lakini kilichoniinua ni Yeremia 29. Wale wa uhamishoni Babeli, roho zao ziko Yerusalemu, wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji ule. Mji wa waliowateka! Basi nikaanza kuiombea Nairobi mtu mmoja mmoja: kondakta, mama mboga, hata kanjo, wale askari wa jiji (hao walinichukua miezi).

Jaribu kufungua kibanda siku tatu kwa wiki kwanza. Kuhusu mumeo kukuita mvivu, sina la kusema, simjui.