Corvette LT-1: farasi 370 hadi 255

LT-1, injini ya gari la Chevrolet Corvette, iliandikwa nguvu ya farasi 370 mwaka 1970 na 255 mwaka 1972, na wengi hudhani ilipoteza farasi 115. Hapana, haikupoteza zote. Karibu nusu ya pengo hilo ni kipimo kilichobadilika tu. Mwaka 1971 Chevrolet walitoa namba mbili za LT-1 ileile: 330 kwa kipimo cha zamani na 275 kwa kipya. Hapo farasi 55 zimeondoka bila mtu kugusa boliti.

Zamani injini ilipimwa ikiwa peke yake juu ya stendi: haina kichujio cha hewa, haizungushi alteneta, ekzosi iko wazi bila sailensa, na taimingi (wakati wa cheche kuwaka) imesetiwa kutafuta namba kubwa. Kipimo kipya kinaipima na vifaa vyake vyote, kama inavyokaa kwenye gari.

Upungufu halisi upo, na usidharauliwe. Mwaka 1971 kompresheni (kiasi injini inavyobana hewa na petroli) ilishushwa kutoka 11:1 hadi 9:1 ili injini ikubali petroli yenye madini ya risasi (ledi) kidogo. Hiyo ndiyo 370 kuwa 330 kwa kipimo cha zamani. Mwaka 1972 zikapungua 20 nyingine kwa kipimo kipya, 275 kuwa 255.

Ila msitafute asilimia ileile ya kubadilishia namba za zamani kuwa mpya kwa injini zote. LT-1 inashuka kama asilimia 17, lakini 454 LS5, injini kubwa zaidi ya Corvette, ya 1971 ilitoka 365 hadi 285, karibu 22. Mkitaka kulinganisha magari kwa haki, angalieni uzito na spidi ya mwisho wa robo maili, siyo namba ya kwenye brosha.