Rangi Juu ya Kutu

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aina ya M40, yenye mabaka ya kujifichia ya rangi ya mchanga, kijani na hudhurungi, akaniuliza kama ailipie kabla mwingine hajamtangulia. Nilimjibu asubiri, kwa sababu ilifanana mno na ile niliyoificha kabatini kwangu.

Yangu niliinunua hapa Ujerumani ninakoishi, katika soko la vitu vikuukuu, kwa mzee mpole aliyesema kuwa baba mkwe wake alirudi nayo kutoka vita vya Normandie, Ufaransa. Chuma chenyewe kilikuwa halali: ndani palikuwa na muhuri wa ET64, yaani kiwanda cha Thale na ukubwa wa 64, na matundu ya hewa yalikuwa yamebonyezwa katika bamba lenyewe, tofauti na M35, aina iliyoitangulia, ambayo matundu yake yalitiwa kipete kilichotengenezwa kando. Nilijiona mjuzi. Nililipa mara kadhaa ya bei ya kofia isiyo na mabaka, nikaipakata kwenye treni kama mtoto mchanga.

Baadaye mkusanyaji mmoja mzoefu aliitazama kwa lenzi, na chai yake haikuwa imepoa aliponionyesha rangi ya mchanga iliyotulia ndani ya vishimo vya kutu. Kutu ilitangulia, rangi ikafuata. Fedha iliniuma, lakini iliniuma zaidi kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimemcheka rafiki yangu kwa kosa lilo hilo.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, msitosheke na muhuri. Kofia hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na mghushi hana haja ya kuhangaika na chuma. Hughushi rangi, kwa kuwa ndiyo inayopandisha bei. Askari walizipaka huko huko vitani, kwa brashi au kwa bomba la kupulizia, wengine wakichanganya mchanga au vumbi la mbao ili zisimetemete, na ndiyo maana ni vigumu kupata mbili zinazofanana. Tazama ukingo wa mbele, mahali mkono uliposhika: mabaka yawe yamechakaa kwanza, chini yake ionekane rangi ya kiwandani, kisha chuma. Kama ilifungwa wavu wa waya wa banda la kuku ili kuchomekea majani, waya uwe umeacha mikwaruzo na kutu mahali pake. Baadhi ya rangi za kisasa hung'aa chini ya taa ya urujuanimno, ingawa kutong'aa si ushahidi wa lolote. Hadithi za baba mkwe zisiingie katika bei kabisa.

Msomaji yule nilimwelekeza aombe picha ya ukingo wa mbele na ya vichwa vya pini tatu zinazoshikilia ngozi ya ndani, zipigwe mchana. Muuzaji amemjibu kuwa kamera yake imeharibika.