Kisigino kinauma? Anzia kwenye ngazi

Nikiamka alfajiri kutia udhu, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo hupoa. (Bi mmoja, Langoni)

Chini ya unyayo pana utando mgumu unaotoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Mara nyingi ndio unaouma hivyo, umebebeshwa kuliko ulivyozoea, na usiku hukaza. Kabla hujashuka kitandani, pandisha mguu juu ya goti, vuta vidole kuelekea muundi, hesabu hadi 10. Rudia mara 10.

Nimekandwa mafuta miezi mitatu, wapi! Nifanye zoezi gani? (Shela)

Kukanda kunaliwaza, shoga yangu, nguvu hakutii. Nyumba zetu hizi za mawe hazikosi ngazi, basi zitumie. Kunja taulo, litandike ukingoni mwa kipandio, vidole vilale juu yake vikitazama juu, kisigino kining'inie nje. Shika ukuta. Jiinue kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Fanya mara 12 kwa mguu mmoja. Ukishindwa, anza na miwili. Leo fanya, kesho pumzika. Ukiona limekuwa jepesi, beba begi la vitabu mgongoni.

Utafiti wa Denmark uliotoka 2014 ulilinganisha zoezi hili na kunyoosha unyayo peke yake. Baada ya miezi 3 wa ngazi walikuwa na nafuu zaidi. Kufikia mwaka mmoja, wote walikuwa sawasawa. Kwa hiyo ni subira. Na likiuma kidogo unapofanya si neno, ila maumivu yakizidi kesho yake, umepitiliza.

Eksirei imeonyesha mfupa umeota kisiginoni. Nipasuliwe?

Usikimbilie kisu. Wako wengi wenye mfupa huo na hawaumwi chochote.

Mimi ni hamali gatini. Niache kazi?

Ukiacha utakula nini? Punguza safari, gawa mizigo wiki hizi za mwanzo. Halafu hizo ndara zilizolika hadi unahisi kokoto, zitupe. Tafuta viatu vya soli nene, kisigino kimeinuka kidogo, na hata nyumbani usitembee pekupeku kwenye sakafu ya saruji. (Wauza ndara watanisamehe.)

Mamangu ana sukari, na unyayo wake unakufa ganzi. Naye apande ngazi?

La. Mpeleke kwanza hospitali akaguliwe miguu, kisha ndipo tuzungumze zoezi.