Jibu kwa kijana wa Wete: uchunguzi wa kidijitali chuoni, uanzie wapi?

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama laptopi ya RAM GB 8 itakutosha kwa shahada ya usalama wa taarifa na uchunguzi wa kidijitali, na ufanye nini kabla muhula haujaanza.

Laptopi inatosha kuanzia. Ukipata fedha, ipandishe RAM hadi GB 16 kabla ya kununua kitu chengine, kwa sababu kompyuta pepe moja tu (kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako) inaweza kula GB 4.

Wengi huingia darasani na hamu ya kuvunja mifumo. Kazi yenyewe inapimwa mbele ya hakimu: utathibitisha vipi kuwa ulichokileta ndicho kilichokuwemo kwenye kifaa siku kilipochukuliwa? Anayeharibu ushahidi anaweza kuwa mchunguzi mwenyewe, tena bila kujua. Basi lifanyie mazoezi hilo mapema.

Tafuta flashi kuukuu ya GB 8. Ijaze sifuri yote kwanza, la sivyo mabaki ya zamani yatakuchanganya. Iformati kwa FAT32 (mfumo wa kupanga faili kwenye diski), weka picha na nyaraka kumi, futa tatu. Kuanzia hapo usiichomeke tena kwenye Windows, maana inaweza kuunda folda ya System Volume Information na kubadilisha tarehe kabla hujafungua faili hata moja. Maabara huwa na kifaa cha kuzuia kuandika. Nyumbani tumia Linux uliyoizuia isimaunti diski yenyewe, yaani isiifungue na kuiunganisha bila wewe kuiamuru. Na diski ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) hata ukiimaunti kwa kusoma tu, jonali, yaani daftari lake la mabadiliko, inaweza kusababisha diski iandikwe; ongeza chaguo la noload.

Chukua nakala ya biti kwa biti kwa Guymager, programu ya Linux ya kunakili diski. Programu ya dd nayo inafanya kazi hiyo, lakini ukikosea ukapindua if (inakosoma) na of (inakoandika), unaufuta ushahidi kwa mkono wako. Flashi hiyo kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde itachukua kama dakika 7. Diski ya TB 1 kwa MB 100 inakaribia saa tatu, na kwenye tundu la USB 2.0, kwa MB 30 hivi, inapita saa tisa. Umeme ukikatika katikati, betri ya laptopi haikusaidii kama diski ya nje ina adapta yake. Itie kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme.

Piga heshi ya SHA-256 (namba inayokokotolewa kutokana na data yote, kama alama ya kidole) ya flashi na ya nakala, uziandike zote mbili kwenye fomu ya makabidhiano pamoja na saa, namba ya kifaa na aliyekishika. Usitegemee MD5, aina ya zamani ya heshi, peke yake: tangu 2004 imeonekana faili mbili tofauti zinaweza kutengenezwa zikatoa heshi moja, na SHA-1 ikafuata 2017. Kwa SSD usishtuke heshi ikitofautiana mara ya pili, kwa kuwa vipande ambavyo mfumo ulishaviashiria kwa amri ya TRIM kuwa havitumiki vinaweza kusafishwa ndani ya diski yenyewe inapopata umeme.

Sasa fungua nakala kwenye Autopsy, programu ya bure ya kuchunguza nakala za diski. FAT inapofuta faili hubadilisha baiti ya kwanza ya jina kuwa E5 na kukata mnyororo wa vipande vyake. Faili iliyokaa mfululizo itarudi nzima. Iliyotawanyika itarudi na takataka katikati.

Linalowaangusha wengi ni saa. Shahidi wa Chake Chake atasema "saa mbili na robo usiku". Hiyo ni 20:15 kwa saa za Afrika Mashariki, na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, itakuwa imehifadhi 17:15 kwa sababu inatumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. FAT32 huandika saa ya kompyuta ilivyo bila kutaja ukanda; saa ya kubadilishwa mwisho huenda kwa hatua za sekunde 2, na ya kufunguliwa mwisho ni tarehe tu. Kwa hiyo ukiongeza nakala kwenye Autopsy chagua ukanda wa UTC+3, linganisha saa ya kompyuta husika na saa sahihi, andika tofauti, na kwenye ripoti andika 20:15 (UTC+3) kila mahali. Maneno ya shahidi yaache alivyosema, tafsiri iwe pembeni.

Wi-Fi ya jirani usiifanyie mazoezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika hadi Unguja na Pemba, na kuingia bila ruhusa ni kosa.

Heshi mbili za flashi yako zikikataa kulingana, leta hapa aina ya flashi na hatua ulizopita, tutazame ni hatua gani iliyoiandika flashi bila kukusudia.