Picha za kale za viwanja: tazama ardhi kwanza

Swali: Nimerithi albamu ya picha za viwanja vya Ulaya za karne ya 19, Trafalgar wa London na San Marco wa Venice vikiwemo. Viwanja vitupu, anga nyeupe pe. Nitajuaje kama mpigaji alikuwa fundi wa mpangilio, au alitua kamera popote tu? (Msomaji, Kisauni)

Jibu: Watu walikuwepo, tena tele. Mpigaji alivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu, kisha akakirudisha. Kwa kuwa picha ilihitaji muda kujichora, aliyepita akitembea hakuacha alama. Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipopiga barabara ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, barabara nzima ilionekana tupu, akabaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Anga nayo ni nyeupe kwa sababu mabamba ya kupigia picha ya wakati ule yalishika mno mwanga wa buluu. Usimhukumu mtu kwa hayo mawili.

Mhukumu kwa aliyoweza kuyachagua: pa kusimama, saa ya kupiga, na kimo cha kamera. Yote matatu yanasomeka chini, kwenye ardhi. Sisi macho hukimbilia mnara na kanisa, basi ziba nusu ya juu kwa karatasi utazame iliyobaki. Asiye fundi huiacha sakafu ikae bure. Fundi huipa kazi: hungoja kivuli cha jengo lisiloonekana kiingie kutoka pembeni na kuukata uwanja mshazari, au, pale San Marco, hujipanga hadi mistari ya mawe meupe ya sakafuni ilipeleke jicho kanisani. Kimo nacho kina siri yake. Kamera ikiwa usawa wa kichwa cha mtu, sakafu hubanwa ikawa ukanda mwembamba. Ikipigwa kutoka dirisha la ghorofani, hukunjuka yote.

Kisha geuza picha juu chini. Sifanyi mzaha: ndivyo mpigaji mwenyewe alivyoiona kwenye kioo cha nyuma ya kamera, kajifunika kitambaa cheusi. Ikigeuzwa, kanisa na farasi hupotea, unabaki na giza na weupe, na upande uliolemewa unajitaja wenyewe. Hata ile anga tupu inakuwa umbo. Angalia mapaa yanavyoukata ukingo wake.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya William Henry Fox Talbot, Mwingereza mwanzilishi mwingine wa upigaji picha: Nguzo ya Nelson, ile ndefu ya kumkumbuka amiri wa jeshi la majini, ikijengwa pale Trafalgar, mwaka 1844. Mpiga picha za watalii angerudi nyuma mpaka nguzo iingie yote. Talbot aliikata juu, akatuachia kitako, majukwaa ya mafundi na uzio uliojaa matangazo, kanisa la St Martin likichungulia nyuma. Nguzo isiyo na kichwa ikaufanya uwanja kuwa mahali pa kazi. (Sanamu za simba wa shaba zilizo kitakoni mwa nguzo hutaziona humo, ziliwekwa mwaka 1867. Kama picha yako inazo, haikupigwa kabla ya hapo.)

Jihadhari na kadi zenye picha pacha, mbili ubavu kwa ubavu. Hizo zilikusudiwa kutazamwa kwa chombo chake ili zionyeshe kina, kwa hiyo taa au nguzo inayokukera pale mbele huenda iliwekwa makusudi. Picha nyingine zilipunguzwa kwa makasi kabla ya kubandikwa, hivyo ukingo usiuamini sana.

Ukitaka kulizoeza jicho, nenda uwanja wa Treasury Square, hapo Mombasa, na simu yako. Ishike imenyooka, usiielekeze juu kufuata mapaa, maana hapo kuta huegemeana. Wale wazee waliinua lenzi peke yake, kamera ikabaki imenyooka. Piga saa mbili asubuhi, kisha rudi saa sita mchana ukasimame palepale, jua likiwa utosini na vivuli vimejikusanya chini ya miti. Zitandaze hizo mbili kando ya albamu, na zote uzizibe nusu ya juu.